Tai, Majitu na Mfereji wa Secilia

Mwanangu Nassir hakukosea hata timu moja. Naanza na hilo kwa sababu wapo wanaosema kijana aliwadanganya watu, na mimi mama yake sitaki asingiziwe. Alisema Majitu watapigwa, wakapigwa. Alisema Tai watashinda, wakashinda. Aliyekosea ni mwingine, na ndiye anayeandika hapa, ili wewe mama mwenzangu, mwenye mtoto anayesikilizwa na watu na shamba lililo kwenye mteremko, usome na ujihadhari.

Huku kwetu, upande wa Mgwashi, mtu halimi peke yake. Mashamba yamesimama wima, ukidondosha kiazi unakikuta kwa jirani. Tunafanya ngemo: wiki hii majembe yote yako kwangu, wiki ijayo yote kwako, na mwenye shamba ndiye anayepika. Ngemo yetu ilikuwa ya nyumba nne. Kulikuwa na mimi, na Athumani muuza karoti, na Mzee Kristofa, na Secilia. Secilia alikuwa mjane, anaishi peke yake ng'ambo ya kijito. Mlango wake na wangu ulitazamana, kiasi kwamba nikikohoa asubuhi ananijibu pole.

Kazi kubwa ya ngemo ni ya mwezi wa tisa. Tunazibua mifereji ya kukinga maji juu ya nyumba kabla vuli haijaanza. Mfereji ukiziba, maji hayaendi pembeni. Yanazama mlimani, na mlima ukishiba maji unashuka. Kwa hiyo nani anaanza na nani anamaliza si jambo dogo.

Miaka yote Mzee Kristofa ndiye aliyepanga zamu. Alifanya kazi msitu wa Shume mpaka akastaafu, anaujua udongo. Mwezi wa nane alikuwa anapita kila mteremko, anatazama, halafu anasema tuanze kwa fulani. Hakuna aliyebisha mpaka mwaka mmoja Athumani alipowekwa wa mwisho. Athumani ni Yanga wa kufa na kuzikana, na mzee ni Simba.

"Sisi Yanga ndio wa kuloana," Athumani alisema. "Simba wenzake kawaweka mbele wote."

"Secilia ni Simba?" mzee akamuuliza. "Mwanamke wa watu hajui hata mpira una rangi gani!"

"Anapika ugali mwekundu huyo, mimi namjua."

Watu walicheka, lakini mzee hakucheka. Maneno yakawa maneno, mpini ukainuliwa, tukaingia katikati sisi wanawake. Mzee Kristofa akatema mate chini akasema, "Kuanzia leo simo. Pangeni na Yanga yenu." Na mzee yule akisema simo, hayumo: jembe lake aliendelea kulileta, lakini kupanga hakupanga tena.

Mwaka uliofuata ulipofika mwezi wa nane, hatukuwa na mpangaji. Ndipo Nassir akaja na mpira wake.

Nassir anatembeza wageni Lushoto mjini, anawapeleka milimani wakaone mabonde. Mgeni mmoja Mmarekani alimfundisha mpira wa kwao, ule wa kushika kwa mikono. Mpira wenyewe umechongoka huku na huku kama papai changa, na wachezaji wanavaa kofia ngumu wanagongana vichwa kama mabeberu. Mgeni akaondoka, Nassir akabaki na ugonjwa. Simu yake ikawa haina kingine. Akija nyumbani mwisho wa wiki, jioni anakaa barazani kwa Athumani, pale watu wanapochambua karoti, anawasimulia. Mwanzo walimcheka. Baadaye wakawa wanamngoja.

Kilichowavuta ni kwamba hapakuwa na wa kugombana. Nani ana shangazi Marekani? Nassir aliwachagulia divisheni moja tu, ya mashariki, yenye timu nne zinazochukiana tangu enzi za babu. Majina akayageuza kwa lugha yetu ili tushike: Tai, Makamanda, Wachunga Ng'ombe na Majitu. Kila mmoja anakutana na mwenzake mara mbili kwa msimu, na msimu unaanza mwanzoni mwa mwezi wa tisa. Timu nne. Na sisi nyumba nne.

Sikumbuki ni nani aliyetamka kwanza. Nadhani ni Athumani. "Kwani tusipange zamu kwa timu hizi? Kila nyumba ichukue moja. Mechi za kwanza zikiisha, aliyeshinda kwa pointi nyingi anaanza, aliyepigwa sana anamaliza. Hapo atakayelia akalie Marekani."

Mzee Kristofa alikuwa pale, anachambua karoti, hakuinua kichwa. Watu wakaona ndiyo haki hiyo. Wakakubaliana kwamba Jumamosi Nassir afanye uchambuzi wa kabla ya msimu, aeleze kila timu ikoje, kisha watu wachague. Mimi nilifurahi mno. Mtoto niliyemsomesha kwa kabichi, leo wazee wanangoja aseme! Niliona kichwa kinagusa dari.

Jumamosi hiyo asubuhi nilikuwa jikoni namenya viazi. Nassir akaingia, akachutama karibu na moto.

"Mama, leo wahi kuchagua. Chukua Tai."

"Kwa nini?"

"Ndio mabingwa. Wale wa mstari wa mbele ni kama magogo ya Shume, hawasogei. Ukikosa Tai chukua Makamanda, wana mrushaji kijana, ana mkono huyo! Wachunga Ng'ombe wana jina kubwa lakini juzi tu wamemwachia beki wao hodari aende kwa wengine. Ila mama, Majitu usiwaguse."

"Wana nini?"

"Mrushaji wao mzee, ratiba yao mbaya, na mechi ya kwanza wanakwenda nyumbani kwa Makamanda. Watarudi wamebebwa."

"Na barazani utasema hivyo hivyo?"

Akacheka. "Barazani nitapamba kidogo. Nikisema yote, nani atachagua Majitu? Mchezo utakufa."

Nilimwambia vizuri, baba. Nilimwambia vizuri kwa sababu nilikuwa na hofu yangu. Baba yake yuko Tanga kazini, anakuja Idi kwa Idi, na kila vuli mimi silali. Mfereji wangu ulikuwa umejaa majani. Nikajiona nimefukiwa, nikamwona Nassir anakuja na wageni wake anakuta tope. Mama mwenye hofu hutazama juu ya paa lake tu. Nami nilikuwa nimeona kitu kingine wiki ile, nilipokwenda kukata majani ya ng'ombe ng'ambo. Juu ya jiko la Secilia ardhi ilikuwa imepasuka. Ufa mrefu kama mkanda. Secilia mwenyewe alinionyesha.

"Angalia, Mama Nassir, mkono wote unaingia. Nimeanza kuchimba mfereji peke yangu nimefika pale kwenye mgomba, mgongo umegoma."

"Ngemo itamaliza," nikamwambia.

"Ikianzia kwangu, itamaliza."

Jioni baraza lilijaa. Nassir alisimama akakunja mkono mdomoni kama ameshika kipaza sauti, akaiga watu wa redioni.

"Wapenzi wasikilizaji wa baraza la karoti! Tunaanza na Tai, bingwa mtetezi, timu inayotembea kama trekta la Kwai, polepole lakini huwezi kulirudisha. Makamanda, damu changa! Wachunga Ng'ombe, ah, hawa wana kelele kuliko mifugo yao..."

"Hao ni Yanga!" Mzee Kristofa akachomekea, na watu wakaanguka kwa kicheko, Athumani naye akicheka. Ilikuwa jioni nzuri. Sitaki mtu afikiri tulikuwa watu wabaya.

"Na Majitu," Nassir akamalizia, "wana ukuta wa mbele wa kutisha. Mtu akiwadharau, shauri yake."

Hakusema uongo, maana ukuta wao wa mbele kweli ulikuwa mzuri. Ila la ratiba na la mrushaji mzee hakuyataja.

Kwa heshima ya wanawake wakasema sisi wawili tuchague kwanza. Nikasema Tai kabla hata hawajamaliza. Secilia alikuwa amekaa mkekani karibu yangu. Akaniinamia sikioni.

"Mama Nassir, wewe una mchambuzi ndani ya nyumba. Mimi nichukue ipi?"

Haya ndiyo ninayoyaandikia. Nilikuwa najua. Nilikuwa najua ufa na nilikuwa najua Majitu. Nilitakiwa kusema neno moja tu, Makamanda. Lakini nikawaza: nikimwambia Makamanda, na ikitokea Makamanda wakapita Tai, ataanza yeye. Nikawaza pia kwamba nitaharibu mchezo wa mwanangu mbele ya watu. Nikamjibu, "Chukua unayoipenda, jirani. Ni mchezo tu."

Secilia akafikiri kidogo, akacheka. "Basi mimi nachukua Majitu. Tai ni ndege tu, jitu linamkamata mguu."

Athumani akapiga makofi. "Sasa huyo ndiye mwanamke!" Akachukua Makamanda. Mzee Kristofa akasema wampe iliyobaki, yeye hana haja.

Mechi zikachezwa. Nassir aliletewa matokeo na simu, akaja kuyasoma barazani Jumatatu jioni. Makamanda waliwapiga Majitu kwa pointi nyingi. Tai waliwashinda Wachunga Ng'ombe kwa chache. Kwa hiyo Athumani wiki ya kwanza, mimi ya pili, Mzee Kristofa ya tatu, Secilia ya nne. Watu wakampongeza mwanangu, wakamwita profesa. Secilia akasema, "Haya. Wiki nne si nyingi. Vuli bado."

Ilipofika wiki yangu, yeye ndiye aliyefika wa kwanza. Kulikuwa na ukungu, nikasikia jembe kabla sijamwona mtu.

"Onga makeo, Mama Nassir!"

Nikamwitikia salamu ya asubuhi, nikampa uji. Alichimba mfereji wangu siku zote mbili za ngemo, Jumanne na Jumamosi, na alichimba vizuri kuliko wanaume. Saa ya chakula tukakaa kwenye nyasi, akawa anautazama upande wake. Kutoka kwangu ufa ulionekana, mstari mweusi kwenye kijani.

"Umeongezeka?" nikamuuliza.

"Umeongezeka."

Nikafungua mdomo nimwambie Jumamosi majembe yahamie kwako, mimi nitamaliza mwisho. Wallahi nilifungua mdomo. Halafu nikaona mfereji wangu umefika nusu, nikasema tukimaliza nusu iliyobaki nitamwambia. Tulipomaliza ikawa wiki ya Mzee Kristofa, na zamu ya mtu mzima unaigusaje? Hivyo nikajitetea.

Jumamosi ya wiki ya tatu mvua ilianza tukiwa bado kwa Mzee Kristofa. Haikuwa vuli ya kawaida, ilikuja mapema na ilikuja na uzito. Tukakimbilia jikoni kwake. Secilia alisimama mlangoni hakuingia.

"Mzee," akasema, "kesho twende kwangu. Tusingoje Jumanne."

Mzee Kristofa alikuwa amekaa kwenye kigoda, amelowa. "Kesho ni Jumapili, Secilia. Wewe mwenyewe una kwaya."

"Nitaacha kwaya."

"Na hii mvua? Watu wachimbe kwenye mteremko unaoteleza? Tutakufa wote. Ikikatika tunakwenda, hata iwe usiku."

Haikukatika. Jumapili yote ilinyesha. Nilimwita kutoka mlangoni kwangu, nikamwambia njoo ulale huku. Akajibu ana nguo zimelowa na kuku hajawafungia, atakuja asubuhi. Kijito kilikuwa kimejaa, daraja la magogo linatikisika. Nikasema kweli, asubuhi atakuja.

Jumatatu saa moja na nusu nilikuwa nawasha moto. Nilisikia sauti kama lori linamwaga mawe, ndefu, haiishi. Nikatoka. Ng'ambo hapakuwa na jiko. Kulikuwa na udongo mwekundu umelala mpaka mlangoni mwa nyumba kubwa, na mgomba umesimama juu yake wima, kama umepandwa hapo.

Nilipiga ukelele. Athumani alikuja, Mzee Kristofa akaja, vijana wa jirani, na majembe yale yale. Secilia alikuwa ndani ya jiko, wakamtoa baada ya saa nzima. Alikuwa hai. Kifua kilikuwa kimebanwa na mwamba wa paa, na miguu hakuisikia. Wakamlaza kwenye machela ya miti na mablanketi, wakaanza kumteremsha kwenda barabarani kutafuta gari. Njia ilikuwa tope tupu, wanaume wanne wanabeba, mimi natembea pembeni nimemshika mkono.

Karibu na kanisa akafumbua macho. Akanitazama sana. Sauti ilikuwa ndogo, nikainama.

"Mama Nassir. Ulijua Majitu watapigwa?"

Nikamwambia, "Sikujua."

Akafumba macho. Hakusema tena. Hospitali tulifika, lakini usiku wa Jumanne akafariki.

Jumanne ile ndiyo ilikuwa siku ya kwanza ya zamu yake.

Nassir alikuja mazikoni. Alisimama mbali, na wote waliokuwa wakimwita profesa walipita karibu naye bila kumpa mkono. Jioni akaniambia, "Mama, nilikuambia wewe. Nilidhani utamwambia." Siku hizi anakuja mara moja kwa miezi miwili, anaacha sukari na sabuni, anaondoka kabla ya jioni. Ule mpira haongei tena. Siku moja nilimwuliza Tai wanaendeleaje, nikitaka tu aongee, akasema hajui. Nilijua kwamba anajua.

Nilikwenda kwa Mzee Kristofa nikamweleza yote. Nilitaka anigombeze.

"Na mimi niliuona ufa mwezi wa nane," akasema. "Nilipita peke yangu, nikauona, nikanyamaza. Nikasema si wamenikataa? Wakapange. Sasa wewe unakuja kuungama kwangu, mimi nikaungame kwa nani?"

Mama mwenzangu, hayo ni ya wakubwa wawili. Mpira haukuua mtu. Wale Majitu huko kwao hawajui kama kuna mlima unaitwa Usambara. Ila nakuonya: jambo linalotaka macho usilipeleke kwa bahati, hata kama bahati yenyewe imeletwa na mwanao na watu wanacheka vizuri. Na ukiwa na neno litakalomfaa jirani, usilihifadhi kwa ajili ya paa lako. Hofu ya mama inasifiwa sana. Hakuna anayesema kwamba ina uchoyo ndani yake.

Lakini kuna mtu mmoja ambaye hasa nataka asome, ni Yusta wa Korogwe, mdogo wake Secilia. Alikuja siku ya arobaini kuchukua vitu vilivyopona. Tukakaa kwangu, akala, akanishukuru. Alisema dada yake kila akipiga simu alikuwa ananitaja mimi, kwamba hana ndugu mlimani ila ana Mama Nassir. Kuku wanne waliookoka akaniachia, sikuweza kukataa. Alipokuwa anafunga mzigo akaniuliza, "Wewe ulikuwa naye njiani, dada. Alisema nini mwisho?"

Nikamwambia alitaja jina lake. Yusta akalia, akanikumbatia, akaenda zake ameridhika.

Yusta, hakutaja jina lako. Aliniuliza kama nilijua, nami nikamwambia sikujua. Nilijua, mdogo wangu.